Gogo la Majini na Samaki wa Chini

Mti uangukapo nchi kavu watu huuita kuni. Uangukapo majini huuita taka. Majina hayo mawili yametokana na haja za wanadamu, wala hayakutokana na tabia ya mti wenyewe. Kwa samaki wakaao chini, yaani wale ambao maisha yao yamefungamana na tope, mchanga na mizizi ya sakafu ya ziwa, gogo lililozama ni kitu kingine kabisa: ni paa la kujifichia mchana, ni kinga ya mkondo, na ni ghala ya chakula. Makala haya yakusudia kufuata historia ya gogo hilo tangu maziwa na mabwawa ya Afrika mpaka ndani ya tangi la kioo ambamo watu wa mijini hufuga samaki wa maji baridi. Itaonekana kuwa somo ambalo wafugaji wa samaki walilipata polepole, kwa majaribio na hasara, ni lile lile ambalo maji kama ya Ziwa Babati yamekuwa yakilifundisha siku zote.

Mji wa Babati, ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipotengwa na ule wa Arusha mwaka 2002, umekaa chini ya Mlima Kwaraa, katika barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma. Kando ya mji liko ziwa lenye jina lilo hilo. Wagorowa, ambao katika vitabu vya zamani huitwa Wafiome, wameishi pande hizo tangu kabla ya utawala wa Wajerumani, nao ni majirani wa Wairaki, Wambugwe na Wabarabaig. Kaskazini ya hapo liko Ziwa Manyara, ambalo msafiri Oscar Baumann alilifikia mwaka 1892, na ambalo maji yake yana magadi. Ziwa Babati si hivyo. Maji yake ni baridi, yaani hayana chumvi ya kumzuia mtu au mnyama kuyanywa. Kina chake si kirefu. Ndani yake wamo viboko, na samaki wake wajulikanao zaidi na wavuvi ni perege na kambare. Kati ya hao wawili, kambare ndiye atakayetuongoza katika habari hii, kwa kuwa yeye ni samaki wa chini hasa.

Kambare huyu, ambaye wataalamu humwita Clarias gariepinus, alielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kitaalamu na Burchell mwaka 1822, kutokana na samaki wa Mto Orange, ambao wenyeji wa Afrika ya Kusini huuita Gariep. Mwili wake hauna magamba, kichwa chake ni kipana kilichobapa, na macho yake ni madogo. Upungufu wa macho umefidiwa na sharubu nane, ambazo kwazo hupapasa na kuonja kila kilicho mbele yake katika tope na giza. Juu ya matamvua yake ana kiungo cha kuvutia hewa ambacho kina matawi mfano wa mti mdogo. Kwa ajili hiyo aweza kuishi katika maji machafu yaliyopungukiwa na oksijeni, na hata kujikokota juu ya majani yenye umande kutoka kidimbwi hadi kidimbwi. Usiku hutoka kuwinda. Mchana hutafuta mahali pa giza: shimo la ukingoni, majani mengi ya majini, au uvungu wa gogo.

Yuko na samaki mwingine wa jamii hiyo hiyo ya wenye sharubu, naye ni gogogo, ambaye katika elimu ya samaki jina la jenasi yake ni Synodontis, alilopewa na Cuvier mwaka 1816. Huyu ana miiba migumu katika mapezi yake, naye akishikwa huisugua miiba hiyo katika viungo vyake hata ikatoa sauti ya kukwaruza. Jina lake la Kiswahili ukilitamka lasikika karibu sana na sauti yenyewe. Baadhi ya jamaa zake huogelea kifudifudi kama samaki wote, na baadhi huogelea chali, tumbo likiwa juu. Aliye mashuhuri kwa tabia hiyo ni Synodontis nigriventris wa bonde la Kongo, aliyeelezwa mwaka 1936. Tumbo lake ni jeusi kuliko mgongo, kinyume cha desturi ya samaki, kwa sababu tumbo ndilo lielekealo juu. Mtu akimtazama samaki huyu pasipo gogo ataiona tabia yake kuwa kichekesho. Lakini akimtazama chini ya gogo au chini ya jani pana ataelewa mara moja: chakula chake kimeota upande wa chini wa vitu hivyo, naye amegeuka ili akifikie.

Basi chakula hicho ni nini? Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Mti uliokufa, ukikaa majini siku nyingi, hufunikwa na utando laini wa mwani, kuvu na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Juu ya utando huo huja konokono, mabuu ya wadudu na wanyama wengine wadogo, na juu ya hao huja samaki. Katika Afrika ya Mashariki mfano ulio bora ni ule wa mdudu aitwaye Povilla adusta. Buu la mdudu huyu hutoboa mti uliozama, hujichimbia handaki, na kulitandika kwa nyuzi mfano wa hariri. Watu wengi wangedhani kuwa linakula mti. La hasha. Handaki ni nyumba tu; buu huvuta maji yapite ndani yake, na kuchuja humo chembe za chakula, na tena hutoka usiku kulisha juu ya utando ulioota katika mti. Maji yakiwa tulivu, mti mmoja uliozama waweza kujaa mahandaki kama mzinga ulivyojaa vyumba.

Elimu hii haikupatikana mbali. Mwaka 1947 Shirika la Utafiti wa Uvuvi la Afrika ya Mashariki lilianzishwa, likawa na makao yake Jinja, mahali Mto Nile utokapo katika Ziwa Viktoria. Katika miaka iliyofuata maziwa ya Uganda, Kenya na Tanganyika yalichunguzwa kwa namna ambayo haikupata kufanyika kabla. Mwaka 1955 R. Hartland-Rowe alichapisha habari kuwa Povilla wa ziwa hilo hawatoki majini na kuota mabawa siku yoyote tu, bali hufuata mwezi: makundi makubwa huonekana usiku wa pili baada ya mwezi mpevu. Hivyo kumbe gogo lililosahauliwa chini ya maji lilikuwa na kalenda yake, na samaki waliokula wadudu wale walikuwa na msimu wao wa karamu.

Miaka michache baadaye maji yenyewe yalifanya jaribio kubwa kuliko lolote ambalo wataalamu wangeliweza kulifanya. Mvua za mwaka 1961 zilikuwa nyingi kupita kiasi katika Afrika ya Mashariki, na kufikia mwaka 1964 Ziwa Viktoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili. Miti ya ukingoni ilisimama ndani ya maji, ikafa, ikaanguka. Wavuvi walilalamika kuwa nyavu zao zinaraka, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Lakini maji yaliyotapakaa katikati ya miti na majani yalifungua pia mahali papya pa kuzalia na kukulia samaki wadogo, na mtaalamu Welcomme alieleza mwaka 1970 jinsi kupanda kwa ghafula kwa ziwa kulivyoathiri mavuno ya perege kwa miaka iliyofuata. Babati nako kulipata zamu yake. Mwaka 1990 ziwa lilipanda likauingia mji, likaharibu nyumba na mali. Msiba huo watu hawakuusahau, wala haifai kuufanya mdogo. Hata hivyo tabia ya ziwa la namna hii ni kupanda na kushuka, na kila lipandapo hujitwalia miti ya ukingoni, na hivyo kujijengea upya nyumba za samaki wa chini.

Wajenzi wa mabwawa ya umeme nao walilazimika kujibu swali hilo hilo: je, miti itakayofunikwa na maji ikatwe au iachwe? Huko Kariba, katika Mto Zambezi, ambako ukuta ulizibwa mwezi wa Desemba mwaka 1958, sehemu kadha wa kadha za bonde zilifyekwa kabla ya maji kufika, ili nyavu zipate mahali pa kutegwa bila kunasa. Sehemu nyingine ziliachwa na miti yake. Baadaye ilionekana kuwa katika miti iliyoachwa Povilla wamejaa tele, na samaki wanawala. Mambo kama hayo yalionekana katika Ziwa Volta huko Ghana, lililoanza kujaa mwaka 1964 likiwa na misitu mingi ndani yake. Nchini Tanzania msafiri apitaye barabara ya Dodoma kwenda Iringa ameiona miti mikavu iliyosimama katika maji ya Bwawa la Mtera, lililojaa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kila mwamba ngoma huvutia kwake: mwenye nyavu aliona visiki vya kuchana nyavu, mwenye mtambo wa umeme aliona uchafu wa kuziba mitambo, na mchunguzi wa wadudu aliona ghala. Wote watatu walisema kweli. Lakini samaki hakuwa na msemaji.

Tugeukie sasa tangi la kioo. Historia yake ya kisasa huanza katika mji wa London. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington alikiarifu Chama cha Kemia habari za jaribio lake. Alikuwa amewaweka samaki wawili wadogo wa rangi ya dhahabu katika chombo cha maji pamoja na mmea wa majini, akitumaini kuwa mmea utawapa samaki oksijeni, na samaki wataulisha mmea kwa taka zao. Mwanzoni mambo yalikwenda vema. Kisha majani ya zamani yakaanza kuoza, maji yakachafuka, na kioo kikafunikwa na utelezi wa kijani. Warington hakuukata mmea wala hakumwaga maji. Alitia konokono wachache wa dimbwini, nao wakala majani yaliyooza, na mizani ikarudi. Mwaka 1853 nyumba ya samaki ya bustani ya wanyama ya London ilifunguliwa kwa watu wote, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse alitoa kitabu kilicholieneza jina la akwariamu duniani.

Yafaa kuliangalia tena jaribio la Warington, kwa sababu mara nyingi husimuliwa kana kwamba fundisho lake lilikuwa juu ya mmea hai peke yake. Fundisho la pili lilikuwa juu ya mmea uliokufa. Maji hayakuharibika kwa kuwa jani lilikufa, bali kwa kuwa katika chombo kile hapakuwa na mtu wa kulipokea. Ziwani wapokeaji ni wengi. Katika kioo hawapo isipokuwa waletwe. Wafugaji wengi waliofuata walilishika fundisho la kwanza wakalisahau la pili. Walihofia kila kitu kiwezacho kuoza, wakapamba matangi yao kwa mawe, kwa ngome ndogo za udongo wa kuchoma, na hatimaye kwa magogo ya bandia yaliyofinyangwa kwa plastiki yakapakwa rangi ya gome.

Gogo la bandia lina faida zake, wala si haki kulidharau. Haligeuzi rangi ya maji, halielei, na samaki wa chini hulikubali kuwa kivuli. Lakini ni nyumba isiyo na ghala. Utando huota juu yake, ni kweli, kama uotavyo juu ya kioo chenyewe. Ila uso wake mgumu haulainiki wala haumegeki, na kuvu wa mti hana cha kushika. Tofauti hiyo ilidhihirika zaidi walipofugwa samaki wa Amerika ya Kusini wa jenasi ya Panaque, wenye meno mfano wa vijiko ya kukwangulia mti. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa samaki hao huishi kwa kula mti kama mchwa. Mwaka 2009 mchunguzi Donovan German alionyesha kuwa sivyo: vipande vya mti hupita tumboni mwao kwa muda wa saa chache tu, bila kusagika kuwa lishe, na wapatacho ni vile vijidudu na mabaki laini vilivyoshikamana na mti. Hapo buu la Povilla la Jinja na samaki wa mito ya Amazon walikutana katika hoja moja. Mti si chakula. Mti ni sahani.

Kutoka Afrika pia samaki wengi walichukuliwa kwenda kufugwa ng'ambo. Tangu miaka ya 1970 Pierre Brichard, akiwa Bujumbura, alisafirisha samaki wa Ziwa Tanganyika kwenda Ulaya na Marekani, na miongoni mwa samaki wa ziwa hilo waliopendwa yumo gogogo mwenye madoadoa, Synodontis multipunctata, ambaye Boulenger alimweleza mwaka 1898. Kwa huyu ilibidi wafugaji wajifunze neno jingine, kwamba si kila samaki wa chini ataka gogo. Pwani za Tanganyika zina mawe mengi, na maji yake ni magumu, yenye kuelekea upande wa magadi. Yeye hujificha mapangoni. Wa Kongo hujificha mizizini. Kambare hujificha popote penye giza. Mfugaji mwenye busara huuliza kwanza samaki ametoka wapi, kabla ya kuuliza gogo gani lapendeza macho.

Jambo la rangi ya maji nalo limeleta ubishi mwingi. Gogo la kweli hutoa tanini, ile ile ipatikanayo katika majani ya chai, na maji huwa ya rangi ya kahawia hafifu. Tanini huongeza asidi kidogo katika maji laini. Katika maji magumu nguvu yake hupungua sana, kwa kuwa madini yaliyomo huizuia. Rangi hiyo si uchafu. Mito mingi ya misitu ya Kongo ina rangi hiyo, na samaki wake ni wazima. Akwanaye weupe wa maji kama wa gilasi ajua kuwa anayafurahisha macho yake mwenyewe, si samaki.

Kadiri karne ya 20 ilivyoendelea, maarifa ya kutumia gogo la kweli yalikusanyika, nayo yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Mti uwe mgumu, uliokufa na kukauka kabisa, usiwe na utomvu wala harufu kali. Mti mbichi huoza upesi na kunyang'anya maji oksijeni. Usiwe umeokotwa pwani ya bahari, kwani chumvi huingia ndani yake. Wala karibu na mashamba yanyunyiziwayo dawa. Gome lilegealo libanduliwe. Gogo lisuguliwe kwa maji matupu bila sabuni, lichemshwe likienea sufuria, kisha lilowekwe kwa majuma kadhaa, maji yakibadilishwa, mpaka lizame lenyewe. Mti mzito kama mopane wa kusini mwa Afrika umependwa kwa sababu huzama upesi. Utando mweupe ukitokea juma la kwanza usitishe mtu. Ni kuvu, na mara nyingi samaki na konokono humaliza kazi. Lakini gogo likitoa harufu ya yai viza, litolewe mara moja, maana limeoza ndani pasipo hewa. Chini pawekwe mchanga laini, usio na ncha za kukata sharubu, na gogo liegemezwe hata lisimwangukie samaki wala kumbana kiooni. Na atakaye kufuga kambare mwenyewe akumbuke kuwa samaki huyu hupita urefu wa mita moja. Tangi la sebuleni ni kitanda cha mtoto kwake.

Lakini swali moja maarifa hayo hayakulijibu: gogo hilo litoke wapi? Kwa mtu wa London swali hili ni la duka. Kwa mtu wa Babati ni swali la ziwa. Kaya nyingi za Tanzania hupikia kuni au makaa, na mti mkavu ulio ukingoni haukai sana kabla ya kupata mwenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia, katika eneo la mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, shughuli za kudumu ziwezazo kuharibu mazingira yake. Wengi huichukulia sheria hiyo kuwa ya kuzuia udongo usimomonyoke na kulijaza ziwa, na hiyo ni sababu kubwa. Iko sababu nyingine ambayo haitajwi mara nyingi. Mti wa ukingoni uliokatwa leo ni gogo ambalo halitaanguka ziwani miaka ishirini ijayo. Ziwa halinunui magogo. Huyapata kwa urithi wa miti iliyoachwa izeeke karibu nalo.

Hapo ndipo historia ya tangi inapoweza kulipa deni lake kwa ziwa. Wafugaji wamethibitisha kuwa tawi lililokauka juu ya nchi, likilowekwa kwa subira, hupata utando, kuvu na wadudu kama lile lililozama kwa bahati. Sifa ya gogo la majini haimo katika kuchukuliwa majini. Imo katika muda liliokaa humo. Kwa hiyo mwenye tangi hana haja ya kumnyang'anya kambare paa lake ili ampe gogogo paa. Kisiki cha shamba lililofyekwa, au tawi lililoanguka uani, chamtosha. Na mvuvi ambaye nyavu yake imenasa gogo, akiweza kulisogeza badala ya kulivuta pwani, atakuwa amepoteza jioni moja ya kushona nyavu, na kubakiza mahali ambapo kambare watarudi.